Jinsi vibonzo vilivyohama vitabuni hadi ukutani Brussels

MGENI atembeaye katikati ya jiji la Brussels, Ubelgiji, hulakiwa na nyuso alizozizoea tangu utotoni. Katika barabara ya Rue de l'Étuve, Tintin, Kapteni Haddock na mbwa Milou wanaonekana wakishuka ngazi zilizochorwa ubavuni mwa jumba.

Michoro hiyo ilianza mwaka wa 1991. Kuta tupu zilikuwa zikiharibu sura ya jiji, nao wakuu wake wakaamua kuzipamba kwa wahusika wa vibonzo, sanaa ambayo Ubelgiji husifika kwayo. Mhusika Broussaille alitangulia. Mchoro huo wa Tintin ukafuata mwaka wa 2005.

Hata hivyo, ukuta si kitabu. Asiyependa kitabu hukifunga, ilhali mchoro wa barabarani humkabili kila apitaye. Mwaka wa 2007, raia mmoja wa Congo aliwasilisha kesi Brussels akitaka kitabu cha Tintin kuhusu Congo kipigwe marufuku kwa kuwadhalilisha Waafrika. Mahakama ilikataa ombi lake mwaka wa 2012.

Ndiposa kuchagua atakayechorwa ukutani si kazi ya mchoraji pekee. Ni jambo linalowahusu wakazi wote, wakiwemo wenye asili ya Congo waishio jijini humo.