Simu inaita, sauti haiji
Umepiga simu ya intaneti. Mwenzako anakusikia vizuri, wewe humsikii hata "haloo". Usilaumu spika, angalia ruta.

Ruta hubadilisha anwani yako ya ndani, tuseme 192.168.1.20, pale juu ya bahasha. Shida ni kwamba itifaki ya SIP huiandika tena ndani ya barua: "sauti nitumie hapa." Sauti ya mwenzako inapotelea njiani. (Kuna ruta zinazofungua barua zirekebishe, na mara nyingi ndiyo zinaharibu zaidi!)

Dawa? Simu iulize kwanza seva ya STUN iliyo nje: "Unaniona kwa anwani gani?" Iandike hiyo. Ila ruta ikibadilisha poti kwa kila inayewasiliana naye, STUN inakwama. Hapo sauti yote ipitie seva ya TURN, na kuiendesha ni gharama.