Maji Maangavu Yenye Sumu

Wasomaji wetu, mara nyingi twawahimiza akina mama kuchemsha maji ya kunywa, maana moto huua vijidudu viletavyo kuhara. Lakini iko sumu ambayo moto hauiwezi, nayo ni madini kama risasi na aseniki. Maji yakichemka hupungua, bali madini hayo hubaki sufuriani.

Watu wa Bangladesh walijifunza jambo hili kwa uchungu. Tangu miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya bomba, wapate kuacha maji machafu ya madimbwi yaliyowaua watoto wao. Maji ya visima yalikuwa maangavu, hayana harufu wala ladha mbaya. Kumbe, ardhini mlikuwa na aseniki! Mwaka 1993 ikathibitika kuwamo visimani, na watu walikuwa wakiota madoa mwilini na sugu viganjani. Wengine walipatwa na saratani. Ndipo visima vilipopimwa: chenye sumu kikapakwa rangi nyekundu, kilicho salama rangi ya kijani.

Wataalamu wakatafuta dawa isiyo ya gharama. Mwaka 2005 wengine wao huko Uingereza walitangaza habari za gugu-maji, mmea ujaao mabwawa ya Bangladesh, na ule ule uzibao njia za mitumbwi katika Ziwa Victoria. Walikausha mizizi yake, wakaisaga, wakautia unga katika maji yenye aseniki. Baada ya dakika 60, zaidi ya sehemu 90 katika 100 za sumu zilikuwa zimetoka majini. Sumu haikufa, ilinata juu ya unga, kama vumbi linatavyo juu ya ngozi yenye mafuta.

Hapo pana onyo. Unga ule sasa ndio wenye sumu: haufai kutupwa shambani wala mtoni, wala kulishwa mifugo. Tena jicho na ulimi haviwezi kujua kama maji yametakata. Shirika la Afya Duniani lashauri aseniki isizidi mikrogramu 10 katika lita moja, na kiasi hicho chajulikana kwa kipimo tu.

Basi, ndugu, tusiifanye mizizi hii kuwa dawa ya mtungini kwa kubahatisha. Wakaao karibu na migodi na waombe maji yao yapimwe kwanza. Na kisima kikionekana kibaya, kitiwe alama, watoto wafundishwe kuijua, na maji ya kunywa yatekwe kwingine.