Kwa Nini Chembe Sahani za Damu Hazihifadhiwi Jokofuni

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa anajua kuwa si kila kitu huhifadhiwa kwa njia moja. Kahawa huanikwa juani mpaka ikauke. Nyama ikitiwa katika jokofu hukaa siku kadhaa bila kuoza. Lakini ndizi ikitiwa humo, ganda lake hugeuka jeusi: baridi iliyoiokoa nyama imeidhuru ndizi. Jambo la namna hiyo hutokea pia katika damu inayotolewa kwa ajili ya wagonjwa.

Ndani ya plazima, yaani maji ya damu, huelea chembe za aina tatu. Chembe nyekundu husafirisha oksijeni, chembe nyeupe hupigana na maradhi, na chembe sahani huzuia damu kuvuja. Chembe sahani ni ndogo kuliko zote. Kipenyo chake ni kiasi cha mikromita 2 hadi 3. Mshipa ukikatika, hujibandika penye jeraha, hushikamana, na kuziba tundu. Mwenye saratani ya damu ambaye chembe hizi zimempungukia mno aweza kutokwa na damu hata bila ya jeraha kubwa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua huzipoteza pia.

Damu ikizungushwa kwa kasi katika mashine maalumu, sehemu zake hutengana, na kila sehemu ina hifadhi yake. Chembe nyekundu hukaa katika jokofu, penye nyuzi 2 hadi 6 za Sentigredi, kwa siku 35 au zaidi. Plazima hugandishwa. Chembe sahani huwekwa penye nyuzi 20 hadi 24, hutikiswa polepole bila kukoma, na kwa kawaida hudumu siku 5 tu.

Zamani chembe sahani nazo zilitiwa baridini. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Scott Murphy na Frank Gardner, walionyesha kuwa zile zilizokaa penye nyuzi 4 hutoweka upesi mno katika mwili wa mgonjwa, ilhali zilizokaa penye nyuzi 22 huendelea kuishi. Sababu ni kwamba baridi huzibadili umbo: kutoka bapa kama sahani zikawa mviringo wenye miiba. Ngozi yake ya nje hubadilika pia, na ini huzitambua kuwa zimeharibika na kuziondoa katika damu.

Kutikisa nako kuna maana yake. Chembe sahani ni hai, na huhitaji oksijeni, ambayo hupenya kupitia plastiki ya mfuko. Mfuko ukiachwa umetulia, oksijeni haizifikii zote sawasawa. Hapo huvunja glukosi bila oksijeni na kutoa asidi ya laktiki, kama ifanyavyo misuli ya mkimbiaji aliyechoka. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 6.2, hazifai tena. Mhudumu huuinua mfuko kwenye mwanga na kuuzungusha taratibu: chembe zilizo bapa humetameta kama wingu linalozunguka, bali zilizoharibika hazimetameti.

Hata hivyo, joto hilo lililo jema kwa chembe sahani ni jema pia kwa bakteria. Ndiyo sababu kuu ya kuweka kikomo cha siku chache.

Hapo ndipo ugumu wa Karagwe na Kyerwa unapoonekana. Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, ziko mpakani mwa magharibi, ilhali kituo cha damu cha Kanda ya Ziwa kiko Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Katika siku hizo 5 damu yapaswa kupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kutenganishwa, na kusafirishwa. Tena, damu iliyotiwa katika barafu mara tu baada ya kutolewa haifai tena kutengenezewa chembe sahani za kawaida. Hubaki na manufaa ya chembe nyekundu na plazima.

Mwaka 2023 Marekani ilitoa mwongozo unaoruhusu chembe sahani zilizokaa baridini hadi siku 14 zitumiwe kwa mgonjwa anayevuja damu, pale ambapo za kawaida hazipatikani. Chembe hizo haziishi muda mrefu mwilini, lakini huwahi kuziba jeraha. Hatua hiyo yaweza kuzifaa siku moja hospitali zilizo mbali.

Kwa sasa, chembe sahani haziwezi kulimbikizwa kama kahawa ghalani. Ghala lake ni watu wenyewe: wenye afya, waliotimiza umri wa miaka 18 na uzito wa kilo 50, walio tayari kutoa damu mara kwa mara. Wengi wao huanzia katika shule za sekondari.