Injekta na Nyaya za Injini Kongwe: Ukarabati Usiokuwa wa Nusu Nusu

Utangulizi

Makala hii inanuia kueleza namna injekta na nyaya zake zinavyochunguzwa na kubadilishwa katika injini ya petroli iliyozeeka. Hoja yake kuu ni moja: injekta na waya unaoiamrisha ni kiungo kimoja, na anayetibu kimoja akakiacha kingine huwa ametibu nusu ya maradhi.

Suala hili lina uzito nchini Kenya. Kiwango cha KS 1515:2000 huzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyopitisha umri wa miaka minane, lakini hakiliondoi barabarani gari ambalo limekwisha kuingia. Gari lililofika likiwa na miaka saba laweza kutumika kwa miongo mingine miwili, likipita katika mikono ya wamiliki kadha. Aghalabu mmiliki wa mwisho ndiye mwenye kipato cha chini kuliko wote waliomtangulia, naye ndiye anayelipia makosa ya uchunguzi. Akiuziwa injekta sita ilhali kilichoharibika ni waya mmoja, hasara ni yake.

Injekta na kazi yake

Kabla ya injekta kuenea, petroli ilichanganywa na hewa ndani ya kabureta. Mnamo mwaka 1967, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuunda kwa wingi mfumo wa D-Jetronic, uliotumia umeme kupima petroli, na magari ya Volkswagen 1600 yakawa miongoni mwa ya kwanza kufungwa mfumo huo. Tangu hapo kabureta imekuwa ikipisha njia hatua kwa hatua.

Injekta ni kijibomba kifupi chenye koili ya waya mwembamba, springi, sindano na tundu dogo kwenye ncha. Pampu husukuma petroli kutoka kwenye tangi hadi katika bomba gumu linalozishika injekta zote, ambalo katika makala hii tutaliita reli. Humo petroli husubiri kwa shinikizo la takriban baa 3. Kompyuta ya injini inaporuhusu umeme kupita, koili hugeuka sumaku na kuivuta sindano. Tundu hufunguka na petroli hutoka mithili ya ukungu. Umeme ukikatika, springi huirudisha sindano mahali pake.

Tendo hili huchukua muda mfupi mno. Injini inaponguruma gari likiwa limesimama, injekta hufunguka kwa milisekunde 2 hadi 3 hivi. Katika mifumo ambayo kila injekta hufunguka mara moja kwa mizunguko miwili ya injini, mizunguko 3000 kwa dakika ina maana kuwa injekta moja hufunguka mara 25 katika kila sekunde. Uchafu mdogo tu kwenye tundu, au waya unaopoteza mguso kwa nukta moja, hutosha kuvuruga hesabu hii.

Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua kwamba lugha yetu imeshatangulia hapa. Neno sindano kwetu hutaja kile chombo chenye ncha na pia tendo la kudunga dawa mwilini. Injekta ina sindano, na kazi yake ni kuidunga injini petroli. Kwa hivyo, hata tukikopa jina la kifaa, maelezo ya utendaji wake tunayo tayari.

Nyaya: mahali panaposahauliwa

Kila injekta huwa na nyaya mbili. Wengi hudhani kuwa kompyuta ndiyo inayopeleka umeme kwenye injekta. Katika magari mengi sivyo. Waya wa kwanza huleta volti 12 pindi ufunguo unapozungushwa, nao hubaki na umeme muda wote. Waya wa pili huelekea kwenye kompyuta, ambayo kazi yake ni kuuunganisha na upande wa hasi wa betri kisha kuuachilia. Hapo ndipo mkondo unapopita na kukatika.

Tukiufahamu mpangilio huu, tutaelewa kwa nini ganda la plastiki linalofunika nyaya ni muhimu sana. Waya wa kwanza ukichubuka na kugusa bodi ya gari, fyuzi hukatika na injini huzimika. Waya wa pili ukigusa bodi, injekta hubaki wazi bila kukoma, petroli hufurika katika silinda na kuosha oili iliyokusudiwa kulinda kuta zake. Nyaya hizo mbili zikigusana zenyewe, koili hurukwa, na mkondo mkubwa huenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Hapo gharama huwa si ya waya tena.

Mfano mashuhuri ni ule wa baadhi ya magari ya Mercedes-Benz yaliyoundwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, yakiwemo ya W124 yenye injini ya M104. Ganda la nyaya za injini hizo halikustahimili joto. Lilikauka, likapasuka, hatimaye likawa linapukutika kama maganda ya yai mtu akilishika. Injini iliyokuwa nzima kabisa ilitetemeka na kuzimika, na wamiliki wakabadilisha injekta, plagi na hata kompyuta pasipo mafanikio. Dawa ilikuwa kubadilisha kifungu chote cha nyaya.

Uchunguzi kabla ya ununuzi

Injini kutetema, kuwaka kwa shida, kutoa harufu ya petroli na kutumia mafuta mengi ni dalili zinazoletwa na injekta mbovu na pia waya mbovu. Dalili pekee hazitoshi kutoa hukumu. Zipo hatua tatu zisizohitaji mtambo wa bei ghali.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, soketi itolewe na ukinzani wa koili upimwe kwa mita ya umeme. Injekta nyingi za aina hii husoma kati ya omu 12 na 16, ingawa zipo zilizoundwa kwa ukinzani mdogo zaidi. La msingi ni zote zikaribiane. Pili, injekta inayoshukiwa ihamishiwe kwenye silinda nyingine. Ubovu ukiifuata, injekta ndiyo yenye kosa. Ukibaki pale pale, tutazame nyaya, plagi na mgandamizo wa silinda. Tatu, injini ikinguruma, kifungu cha nyaya kitikiswe polepole. Mlio ukibadilika, jibu limepatikana.

Hatua za ubadilishaji

Petroli iliyo kwenye reli ina shinikizo hata baada ya injini kuzimwa. Kwa sababu hii, fyuzi ya pampu huondolewa kwanza na injini kuachwa iwake hadi izimike yenyewe. Kisha injini huachwa ipoe, na waya wa hasi wa betri hufunguliwa. Kila soketi hutiwa alama ya nambari ya silinda yake, kwani soketi hufanana.

Reli huinuliwa pamoja na injekta zake. Mashimo yanayobaki wazi huzibwa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Injekta mpya zote ziwe za kipimo kimoja, na pete zake za mpira ziwe mpya na zipakwe oili safi ya injini kabla ya kusukumwa mahali pake. Pete kuukuu ni hatari: tone la petroli likiiangukia ekzosi yenye moto, gari lote laweza kuteketea.

Nyaya mpya ziwe na unene sawa na za awali na ganda linalostahimili joto la nyuzi 125 au zaidi. Viungo vibanwe au viunganishwe kwa risasi, vifunikwe kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, kisha vifungwe mbali na ekzosi. Kuzungusha utepe juu ya waya uliokwisha kukauka ni kuficha kidonda.

Mwishowe, kabla ya kuwasha injini, fyuzi na waya wa betri hurudishwa, ufunguo huzungushwa ili pampu ijaze reli, na kila kiungo hukaguliwa kwa kurunzi. Pakionekana unyevu, injini isiwashwe.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kipimo hutangulia ununuzi, na kwamba injini kongwe haitendewi haki kwa kupewa injekta mpya kwenye nyaya zilizochakaa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika injini ufa wenyewe mara nyingi ni waya wa senti chache. Aidha, ni wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili kuyaandika maarifa ya aina hii kwa ufasaha, ili mwenye gari azungumze na fundi wake akijua anacholipia.