Motahomu kuukuu: mnunuzi akague nini?

Majira ya joto yanapokaribia nchini Uingereza, matangazo ya motahomu zilizotumika, yaani magari yaliyojengwa makazi ndani yake, huwavutia wengi. Familia iliyoweka akiba kwa miaka huona vitanda, jiko na bei nafuu. Lakini anayenunua motahomu hununua vitu viwili kwa pamoja, gari na nyumba, na kila kimoja huzeeka kwa namna yake.

Gari lina mlinzi wa kisheria. Kwa kawaida likishatimiza miaka mitatu, hupaswa kufaulu ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Kwa kutumia namba ya usajili, mnunuzi anaweza kusoma matokeo ya ukaguzi huo bila malipo katika tovuti ya serikali, na kulinganisha maili zilizoandikwa mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo, MOT haipimi unyevu wa kuta, na maji ndiyo adui mkubwa wa nyumba hiyo. Motahomu nyingi za zamani zina kiunzi cha mbao. Gundi inayoziba viungo vya paa na madirisha ikichakaa, maji hupenya na mbao huoza kimya kimya nyuma ya ukuta unaoonekana safi.

Dalili zake ni harufu ya uvundo, madoa ndani ya makabati, ukuta unaobonyea na sakafu inayonesa. Kifaa cha kupimia unyevu kikionyesha zaidi ya asilimia 20, kuna sababu ya kuwa na wasiwasi. Matengenezo yake yanaweza kugharimu kuliko bei ya gari lenyewe.

Mfumo wa gesi nao unahitaji kukaguliwa na fundi aliyeidhinishwa. Hita mbovu huweza kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Aidha, motahomu huegeshwa kwa miezi mingi, hivyo tairi huweza kuwa na kashata nzuri ilhali mpira wake umezeeka. Tarakimu nne ubavuni hutaja umri: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015.

Leseni pia ni suala muhimu. Aliyefaulu mtihani wa kuendesha gari dogo tangu Januari 1, 1997, kwa kawaida haruhusiwi kuendesha motahomu ya dizeli au petroli inayozidi kilo 3,500. Na kwa wakazi wa London, tangu Agosti 2023 jiji zima limo katika eneo la ULEZ: motahomu ya dizeli isiyozidi uzito huo, na isiyofikia kiwango cha Euro 6, hutozwa pauni 12.50 kila siku inapoendeshwa humo.

Wauzaji hupenda kuonyesha gari siku ya jua. Mnunuzi mwangalifu huomba kulitazama siku ya mvua, injini ikiwa baridi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, ufa aliouacha muuzaji, ukuta utajengwa na mnunuzi.