Ziwa Tanganyika Halipimwi Mwaloni Tu

Alfajiri, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinapotia nanga kwenye mialo ya Kigoma, mkusanyaji wa takwimu hana muda wa kupoteza. Wachuuzi wameshaizunguka mitumbwi, bei inatajwa, na muda si mrefu dagaa watakuwa wametawanywa kwenye mchanga na vichanja vya kuanikia. Kabla dagaa hao hawajaondolewa inampasa achote sampuli, aipime kwenye mizani, awatenge dagaa wenyewe na samaki wengine kama lumbo na migebuka wachanga, kisha amlaze mmoja mmoja kwenye ubao wenye rula na kuandika urefu wake kwa milimita.

Kazi hiyo inachosha macho na mgongo, lakini ndiyo inayotuambia jambo kubwa kuliko kilo. Dagaa wa Tanganyika huanza kuzaa akifikia sentimita 7 hivi, na maisha yake hayazidi sana mwaka mmoja. Daftari likionyesha mwezi baada ya mwezi kwamba walio wengi ni wa sentimita 5, maana yake tunavua watoto ambao hawajaacha mbegu, hata kama ndoo zimejaa.

Halafu yapo maswali kwa nahodha. Wiki hii mmetoka usiku mara ngapi? Mlikwenda mbali kiasi gani? Mlikuwa na taa ngapi? Swali la taa lina uzito wake, kwa sababu uvuvi wa dagaa ni uvuvi wa mwanga: taa huvuta vijidudu vya majini, dagaa hufuata vijidudu, na migebuka humfuata dagaa. Ndiyo maana siku za mbalamwezi vyombo vingi hubaki ufukweni. Zamani ilikuwa karabai chache. Leo ni taa za umeme wa jua au betri, na injini ya kufika mbali zaidi. Chombo kikileta kilo zile zile za miaka kumi iliyopita huku taa zimeongezeka maradufu, samaki wamepungua. Mizani peke yake haiwezi kuliona hilo.

Hata hivyo, hata daftari lililojazwa vizuri namna hiyo linaeleza kilichotoka majini tu. Kwa nini kimetoka kingi au kidogo, jibu linatafutwa kwingine.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na katika sehemu kubwa ya kina hicho hakuna samaki anayeweza kuishi. Ukipita mita 100 upande wa kaskazini, au 200 na ushei kusini, hewa ya oksijeni imekwisha. Kule chini ndiko virutubisho vilikolala, na mlango wa kuvipandisha ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upande wa kusini, Kasanga na Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda kuziba pengo, yakibeba chakula cha mwani. Kusi ikitulia, maji yaliyosukumwa hurudi na kuyumba, na kaskazini nako hupata fungu lake. Mwani ukistawi vijidudu huongezeka, na baada yao dagaa.

Mlango huo unazidi kuwa mgumu kufunguka. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hukataa kuchanganyika na ya chini, ingawa tofauti ya joto kati yao ni nyuzi chache tu. Mwaka 2003 timu ya mtafiti Catherine O'Reilly ilichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 mtafiti Andrew Cohen na wenzake, wakisoma mabaki ya samaki na konokono kwenye tope la sakafuni, walionyesha kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne ya 20. Hilo halimwondolei mvuvi wajibu wake. Linatukataza tu kumtwisha yeye mzigo wote.

Hapa ndipo ninapoiangalia kwa makini hatua ya kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na majirani zake. Naiunga mkono hatua hiyo, tena nawahurumia waliokaa miezi mitatu bila kipato. Lakini miezi hiyo ndiyo miezi ya kusi. Samaki wakijaa baada ya kufungua, je, ni kwa sababu waliachwa wazae, au kwa sababu upepo ulirutubisha maji kama kila mwaka? Vyombo vikilala, mwalo nao hunyamaza. Kwa hiyo chombo cha utafiti lazima kiwe majini wakati huo huo, kikipima joto na oksijeni kila kina, kikivua kwa nyavu za majaribio na kutumia mawimbi ya sauti kukadiria makundi ya samaki. Tukikosa vipimo hivyo, tutawaomba wavuvi wavumilie tena bila kuwa na cha kuwaonyesha.

Masika yanapoanza, kazi ya kupima inahamia milimani, unakotoka udongo unaoingia ziwani. Miteremko ya Hifadhi ya Gombe ina miti, na vijito vyake hushuka vikiwa safi kuliko vile vya mabonde yaliyolimwa hadi kileleni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wamelinganisha fukwe za namna hizo mbili, na penye udongo mwingi walikuta aina chache zaidi za samaki wa miambani na viumbe wadogo wa sakafuni. Tope huziba mianya ya mawe wanamozalia na kufunika mwani wanaoula. Lumbo naye hutaga karibu na ufukwe, kwa hiyo tope hilo linamfikia pia.

Kupima tope kunaanza na kifaa rahisi sana: sahani nyeusi na nyeupe, inayotokana na ile nyeupe ya padri Mwitaliano Angelo Secchi ya mwaka 1865, inayoteremshwa kwa kamba hadi isionekane. Katikati ya ziwa huzama mita 10 na zaidi ukiiona bado. Mdomoni mwa mto baada ya mvua, hupotea mara tu inapogusa maji. Mtoni kwenyewe unachota chupa, unachuja, unakausha, unapima udongo uliobaki.

Ugumu uko kwenye ratiba. Sehemu kubwa ya udongo hupita katika mafuriko machache, hasa ya mvua za mwanzo zinazoikuta ardhi iko wazi. Safari ya mtaalamu hupangwa wiki kadhaa kabla, na akifika mto umeshapungua. Ningependa fedha za safari hizo zimlipe kijana wa kijiji kilicho kando ya mto, apewe chupa, kipimamvua na mafunzo, achote maji saa ile ile yanapobadilika rangi, na takwimu zake ziingie kwenye daftari moja na urefu wa dagaa wa Kigoma.