Kolwezi: Makosa ya munkoyo ambayo moto hauwezi kurekebisha

Munkoyo ni kinywaji cha nyumbani kinachojulikana katika Katanga yote ya zamani, na Kolwezi si nje ya hesabu hiyo. Kwa mama anayeipika ili auze, sufuria moja ni mtaji: unga, makala, mizizi, maji na karibu siku mbili za kazi. Sufuria ikiharibika, mtaji unamwagwa chini. Lakini kuna jambo baya kuliko hasara ya feza. Watu wengi wanasema: "kitu kimechemka, hakina hatari tena." Kwa munkoyo, neno hilo ni nusu ya kweli. Kuna sumu ambayo moto hauondoi, na kuna uchafu unaoingia wakati moto umekwisha kuzimwa.

Kazi ya mzizi

Munkoyo inaanza na uji wa unga wa mahindi unaopikwa kwa muda mrefu. Uji ukipoa kidogo, wapishi wanatia mizizi iliyopondwa. Mizizi hiyo inatoka kwa mimea ya pori ya miombo, zaidi ya jamii ambazo wataalamu wanaita Eminia na Rhynchosia. Ndani yake mna anzime, vitu vinavyokatakata wanga wa mahindi na kuugeuza kuwa sukari. Ndiyo sababu uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu bila mtu kuongeza sukari hata kijiko kimoja.

Kisha vijidudu vya asili vinakula sukari hiyo. Vingine vinatengeneza asidi, ndiyo ile ladha kali ya munkoyo. Vingine, yaani levire, vinatengeneza gesi na kileo kidogo. Siku ya kwanza kinywaji ni kitamu na watoto wanapewa. Kikikaa siku zaidi, ukali na kileo vinapanda.

Wapishi wa bia wa Ulaya wanafanya kazi ileile kwa njia nyingine. Wao wanaotesha shayiri ili ipate anzime, kisha wanailoweka ndani ya maji ya moto ya digri karibu 65. Hapa kwetu pia kuna wanaotumia mahindi yaliyoota. Lakini munkoyo ya kweli inategemea mzizi.

Makosa ya siku ya kupika

Kosa linalojulikana zaidi ni haraka. Uji ungali unatokota, mpishi anatia mizizi. Anzime haiwezi kuvumilia moto mkali: kufika digri 80 inaharibika upesi. Matokeo yanaonekana kisha saa chache: uji unabaki mzito kama ulivyokuwa, hauna utamu. Wengine wanafikiri wameuziwa mizizi mibaya, kumbe mizizi ilikuwa mizuri na joto ndilo liliiua. Sufuria hiyo bado inaweza kuokolewa: acha uji upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha tia mizizi mingine mipya.

Kosa la pili ni kinyume chake, kungoja mpaka uji upoe kabisa. Mzizi utafanya kazi, lakini polepole. Kolwezi iko kwenye mita karibu 1 400 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni wa baridi. Kazi inayomalizika upesi wakati wa joto la mwezi wa 10 inaweza kuchukua usiku mzima wakati wa baridi. Dawa yake ni kufunika sufuria vizuri kwa blanketi. Kuirudisha kwenye mbabula mpaka ichemke ni kuua mzizi mara ya pili.

Kosa la tatu ni kuunguza. Uji wa mahindi unashika chini ya sufuria, na harufu ya moshi haitoki tena, hata ukiongeza sukari. Ukisikia harufu hiyo, usikwangue. Mimina uji wa juu ndani ya sufuria nyingine na uache kilichoshika palepale.

Kosa la nne ni kufunga bido kwa nguvu. Munkoyo inaendelea kutoa gesi, na bido lililofungwa kabisa linavimba, hata linapasuka. Kifuniko kilegezwe kidogo, na nafasi ibaki juu.

Makosa hayo yote yanakula feza na wakati tu. Yanayofuata yanaweza kula watu.

Unga ulioharibika haupone

Mwaka 2015, katika mwezi wa kwanza, watu wa Chitima, katika jimbo la Tete huko Msumbiji, walikunywa pombe ya mahindi kwenye matanga. Watu 75 walikufa na wengine zaidi ya 100 wakaugua. Mama aliyeitengeneza pombe hiyo alikufa pia. Kwanza watu walisema ni sumu ya nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo lingine: bakteria iliyokuwa imeota katika pombe hiyo na kutoa sumu inayoitwa asidi ya bongkreki. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Miaka 11 mbele yake, mwaka 2004, mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa sababu ya mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota juu ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Hii nayo inavumilia moto wa jikoni.

Fundisho ni moja. Mahindi yenye kuvu, ao unga uliolowana na kunuka, si wa kutengeneza munkoyo "kwa sababu utachachuka tu." Wale wanaootesha mahindi wawe waangalifu zaidi, maana nafaka yenye maji iliyofunikwa ndani ya gunia ni nyumba nzuri ya kuvu. Ioshwe, itandazwe nyembamba, igeuzwe, kisha ianikwe upesi juani. Nafaka yenye rangi ya kijani ao nyeusi itupwe.

Maji na mabido katika mji wa migodi

Kolwezi iko na shida yake ya pekee. Ni mji wa shaba na kobalti, na kuna mito ambamo wachimbaji wanaoshea mawe ya madini. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya tifoidi, lakini hakuondoi madini. Maji yakipungua kwa mvuke, madini yanabaki ndani ya sufuria. Kwa hiyo maji ya mto wa namna hiyo hayafai kwa munkoyo, hata yakichemshwa saa tatu.

Historia ya bia yenyewe inafundisha jambo hilo. Katika miaka ya 1965 na 1966, mjini Québec huko Kanada, kiwanda kimoja kilitia chumvi ya kobalti ndani ya bia ili povu lisishuke. Watu zaidi ya 40 waliokuwa wanakunywa bia nyingi kila siku waliugua moyo, na karibu 20 kati yao wakafa. Kobalti ilikuwa kidogo ndani ya kila chupa. Lakini chupa zilikuwa nyingi, na walevi hao hawakuwa wanakula vizuri.

Kisha kuna chombo. Viwanda vya shaba vinatumia asidi ya salfa kwa wingi, na mabido na mapipa ya zamani yanazunguka mjini. Bido lililobeba asidi, mazuti ao dawa ya migodi halisafishwi kwa sabuni na mchanga: plastiki inanyonya. Nayo munkoyo, kwa kuwa ni kali, inakula chuma. Isilazwe ndani ya chombo cha shaba ao ndoo ya bati. Bido la plastiki lililobeba mafuta ya kula ao maji peke yake ndilo zuri.

Kisha mzizi kuingia, moto haurudi

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya munkoyo na bukari. Bukari inatoka motoni na kwenda mezani. Munkoyo, kisha mzizi kutiwa, haichemki tena mpaka inafika mdomoni. Kila kitu kinachoingia kuanzia dakika hiyo kinanywewa kibichi: udongo wa mzizi, maji ya kuzimua, mkono unaokoroga, kitambaa cha kuchujia, kopo la mnunuzi.

Ni kweli kwamba ukali wa munkoyo unazuia vijidudu vingi. Lakini ukali huo unakuja polepole. Munkoyo tamu ya siku ya kwanza, ile wanayopewa watoto, bado haijapata ulinzi huo. Katika jimbo ambamo kipindupindu kinarudi mara kwa mara, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mizizi ioshwe mpaka maji yatoke safi, kisha ipondwe na kulowekwa katika maji yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya kuzimua yawe hayohayo. Kitambaa kichemshwe mbele ya kuchuja. Mikono ioshwe kwa sabuni. Anayeuza awe na kopo lenye mkono la kuchotea, ambalo halishuki chini na halipitii mdomoni mwa mtu.

Na wewe unayenunua, uliza maswali matatu mbele ya kutoa feza: maji yalitoka wapi, bido hili lilibeba nini mbele, na munkoyo ilipikwa siku gani? Mama anayefanya kazi vizuri atakujibu bila kukasirika. Akisitasita, tafuta bido la jirani yake.